Neno Nililowapa Watu wa Benchi

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha Kihesa leo mchana. Bati la chumba cha kungojea linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya benchi, upande wa mlangoni. Nimeweka ndoo. Wagonjwa sita.

Bi Kudra, aliyenifundisha tiba ya sindano kule Mbeya, aliniamuru tangu siku ya kwanza niwe na daftari. Alisema, "Maradhi yao yana kadi. Wewe andika ulivyofanya wewe." Nimefanya kazi miaka minne bila kuandika mstari. Uvivu, na pia nilijua nafanya vizuri, na mtu anayefanya vizuri anaandika nini?

Jumatano, 27 Novemba

Wagonjwa wanne. Mzee mmoja mfugaji kutoka Usangu aliuliza dawa iko wapi ndani ya sindano. Nikamwambia haina dawa, ni sindano kavu. Akasema sindano bila dawa ni mwiba tu, na miiba anayo ya bure huko anakochungia. Alilala, nikamchoma, akakoroma mpaka benchi zima likacheka.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku mbaya. Junaid, muuza vitambaa wa Mbeya aliyekuja kwa mgongo, alizimia kabla sijamgusa. Aliiona sindano, akaanguka. Mkewe akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa fundi baiskeli. Baada ya dakika tano bwana mwenyewe alikuwa amekaa anakunywa soda, anaona aibu, lakini wawili kwenye benchi walikuwa wameshachukua miavuli yao. Kufikia alasiri habari ilikuwa sokoni kwamba Mama Sindano ameua mtu.

Mama Sindano ndiye mimi. Jina langu ni Nusrat.

Alhamisi, 5 Desemba

Wagonjwa wawili tu tangu Jumatatu, na mmoja wao ni Apolonia wa magoti, ambaye angekuja hata ningechoma kwa misumari, kwa sababu hapa anapata watu wa kuzungumza nao.

Wa pili ni mgeni. Mwalimu Faustina, anafundisha darasa la pili, mwembamba, kola imepigwa pasi. Shingo yake haigeuki kushoto. Nilipomuuliza tangu lini, akasema tangu Machi, tangu mumewe Bartolomeo alipofukiwa Makongolosi ndani ya duara, lile shimo lao la kuchimbia dhahabu. Alisema hivyo kama anaita majina ya darasa. Alikuja na bintiye Blessing, miaka saba, ambaye alikaa kwenye benchi akachora ng'ombe nyuma ya kadi zangu mpya.

Jumatatu, 9 Desemba

Mwalimu mara ya pili. Shingo imeachia kidogo. Mvua.

Alhamisi, 12 Desemba

Mwalimu mara ya tatu. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatatu, 16 Desemba

Nataka kuandika ilivyokuwa, bila kujipamba.

Saa nne asubuhi benchi lilijaa kwa mara ya kwanza tangu Junaid azimie. Watu watano, Apolonia akiwa katikati, na kando yake mwanamke mgeni mwenye mkoba wa ngozi. Nilikuwa nimenong'onezwa kwamba ni mke wa mkubwa mmoja hapa mjini, na nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya ndugu na marafiki atakaowaleta. Kati ya benchi na kitanda kuna pazia tu, vitenge viwili nilivyoviunga mwenyewe. Kikohozi kinapita hapo, sembuse kingine.

Nilimchoma Faustina sindano tisa. Ya mwisho ni ya mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilipoingia tu akavuta pumzi, akaishikilia, halafu ikatoka sauti ambayo sikuitegemea kwa mwanamke mwembamba vile. Haikuwa kwikwi. Kilikuwa kilio cha msibani, kile cha kwanza kabisa, mwili unaposhushwa garini.

Bi Kudra alinifundisha jambo moja kuhusu kilio na akalirudia mpaka nikachoka: shika mguu, funga mdomo. Mguu, kwa sababu anayelia anajihisi anaondoka, na mtu anayeondoka hushikwa chini. Mdomo, kwa sababu hujaitwa kusema.

Sikushika mguu. Nilimfunika kanga usoni. Niandike hivyohivyo, usoni. Nikasema, "Nyamaza, mwalimu. Nyamaza, watu wapo."

Akasema ndani ya kanga, "Alitaka kurudi. Alinipigia simu akasema mvua mbaya, duara linatema maji. Nikamwambia ukirudi mikono mitupu usipige hodi kwangu. Nilimwambia hivyo, dada. Kesho yake akaingia."

Nikasema tena, "Nyamaza."

Akanyamaza palepale, kama watoto wake wa darasani wanavyonyamaza akigonga meza. Nikatoa sindano zote tisa, nikatoka nje ya pazia. Mwanamke wa mkoba alikuwa ameshasimama. Apolonia akaniuliza, "Daktari, kulikoni humo? Unamuumiza mtu?" Kisha akashusha sauti, "Au amepandisha jini?"

Alinipa lile neno kama unavyompa mtu mwavuli. Nililipokea.

"Amepandisha kidogo," nikasema. "Ni mambo yake mwenyewe, hayahusiani na sindano. Yameshatulia."

Mwanamke wa mkoba akakaa. Wote wakapumua. Faustina alipotoka, walikusanya nguo zao ili apite, na mimi nilidhani ni adabu.

Jumanne, 17 Desemba

Wagonjwa tisa. Mke wa mkubwa amerudi na dada yake.

Jumatatu, 23 Desemba

Apolonia ameniletea ndoo nzima ya matunda ya plamsi kutoka kwao Kilolo, kwa ajili ya sikukuu, ingawa anajua sikukuu si yangu. Akasema huku anakunja suruali aliyovaa chini ya gauni kuonyesha goti, "Yule mwalimu ni mkamwana wa Mama Jofrey, tunatoka kijiji kimoja. Maskini. Ndiyo maana hakulia msibani. Watu walishangaa sana, mjane hatoi hata chozi. Kumbe alikuwa na kitu kinamkausha."

Nilimwambia alale chali, goti litaanza kuuma akiongea. Si kweli. Goti haliumi kwa kuongea.

Jumatatu, 30 Desemba

Amekuja mama kutoka Ipogolo na binti yake. Hana maumivu popote. Anasema amesikia kwamba hapa majini yanapandishwa na kutulizwa kwa sindano za Kichina. Nilipaswa kusema siyo. Nilisema, "Mlaze hapa tuone."

Binti alikuwa na hofu ya mtihani. Nilimchoma sindano tatu akalala usingizi mzuri. Mama yake alinibusu mikono. Nimeinawa mara kadhaa tangu saa ile.

Jumatatu, 6 Januari

Faustina amekuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni chini ya bati linalovuja, mvua inamdondokea begani, akaniuliza, "Dada Nusrat, uliwaambia nini watu waliokuwa hapa?"

"Sikuwaambia neno," nikasema.

"Kwenye kikao cha kujiandaa na muhula walimu wamenikwepa. Mmoja amehamisha kiti chake. Mama mkwe amenipigia anauliza jini langu linaitwa nani."

"Watu wa hapa, mwalimu. Unawajua midomo yao."

Nadhani alikuwa anataka kuniamini, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Akasema asante. Ndiyo, alinishukuru. Hakutaka kulala kitandani, shingo akasema itapona yenyewe, na alipogeuka kuondoka aligeuza mwili mzima.

Jumanne, 14 Januari

Shule zimefunguliwa jana. Blessing hakuonekana darasani. Jofrey, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja Jumamosi akamchukua kwenda kwa bibi yake Kilolo, "mpaka mama yake aombewe." Haya nimeyapata kwa Apolonia. Hadithi imekua njiani: sasa wanasema Faustina alikuwa na jini la dhahabu, ndilo lililompeleka mumewe Makongolosi, na lilipotaka damu akalipa ya mumewe. Ndiyo maana hakulia. Nani anamlilia mtu aliyemtoa mwenyewe?

Nilimchukia Apolonia leo. Nilizisukuma sindano za magoti yake zaidi ya inavyotakiwa, nikafurahi alipokunja uso. Naandika na hilo pia, maana Bi Kudra alisema niandike nilivyofanya mimi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeikuta ile kadi ya Blessing yenye ng'ombe. Ana miguu mitano. Nimeirudisha kwenye droo.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua siku nne mfululizo, barabara ya Kilolo inateleza. Ulanzi, pombe ya mianzi, umejaa mtaani, na waliokunywa ulanzi wamejaa mtaroni. Wagonjwa kumi na wawili.

Apolonia amenisimulia maombi. Jumapili tatu sasa Faustina amepelekwa kwenye kikundi chao. Wanamzunguka, wanamshika kichwa, wanaliamuru jini litaje jina lake. Yeye anasimama tu, macho wazi, kola imepigwa pasi. Hapandishi. Wanasema hilo ni jini sugu. Jumapili iliyopita alijaribu kuanguka. Apolonia alisema hivi kwa masikitiko ya kweli: "Alijiangusha, daktari. Tuliona anajiangusha. Alitaka tumalize apewe mtoto wake. Kiongozi akasema jini linaigiza, turudi tena wiki ijayo."

Kisha akasema, "Mimi Jumatano na Ijumaa nafunga kwa ajili yake. Sili mpaka jioni."

Nilikuwa nashika goti lake wakati huo. Miezi miwili nimemlaumu huyu mwanamke kwa mdomo wake, na hajaongeza hata neno. Nililompa ndilo alilolibeba, akalibeba kwa moyo wote, na amekuwa akishinda na njaa kwa ajili yake. Uongo ulikuwa wangu, nadhifu, wa mtu aliyesoma.

Alhamisi, 20 Februari

Mbeya, kufuata sindano na spiriti. Niliwahi kumdanganya Bi Kudra kwenye simu kwamba kila kitu sawa, kwa hiyo leo ilibidi nianze mbali. Alikuwa anapanga visahani, hakuacha kupanga. Nilipomaliza akaweka kisahani cha mwisho.

"Shika mguu, funga mdomo," akasema. "Maneno manne nimekufundisha. Umeshindwa yote manne."

"Nifanye nini, Bi Kudra?"

"Usinifanye kadhi. Uliusemea wapi huo uongo?"

"Kwenye benchi."

"Basi huku Mbeya umefuata nini?"

Akanipa sindano zangu, akanitia na kashata za njiani kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka getini bila neno jingine. Nililia njia nzima mpaka Makambako, kimyakimya, uso dirishani. Nilishukuru kwamba abiria mwenzangu amelala. Halafu hilo nalo nikalionea aibu.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Nimefunga.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga. Mdomo ulioambiwa ufungwe Desemba naufunga Machi, tena kwa chakula tu.

Ijumaa, 7 Machi

Apolonia naye amefunga leo, kwa ajili ya jini langu. Tulikaa wawili na njaa zetu, mmoja kila upande wa goti, sikusema kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema.

Benchi lilikuwa na watu saba. Nilisogeza pazia mpaka mwisho wa waya, kitanda kikaonekana chote, nikasimama mbele yao na sindano mkononi kama mwendawazimu. "Yule mwalimu wa Desemba," nikasema, "hakupandisha. Hana jini. Alikuwa analia. Mimi ndiye niliyewaambia amepandisha, kwa sababu niliogopa mtakimbia."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye ndoo. Mke wa mkubwa akafungua mkoba wake, akaufunga. Mwanamume mmoja akacheka kidogo akijua hapaswi.

Apolonia akaniuliza taratibu, "Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu nilipolisema."

"Na mimi nikikusimulia maombi hapa, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama."

"Basi nimembebesha mtoto wa watu uongo miezi mitatu, nikafunga kwa ajili yake na kuomba." Aliikunjua suruali yake ikafunika goti, akatafuta viatu. Nilidhani anaondoka asirudi, na nikasema moyoni ni haki yake. Akafika mlangoni akageuka. "Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka ya Bartolomeo. Ukoo wote utakuwepo, na wataamua habari ya mtoto. Mimi peke yangu siendi kusema. Wewe ndiyo utasema. Mimi nitakuonyesha njia."

Jumamosi, 15 Machi

Kilolo. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba unaiona ukishafika. Watu kama thelathini uani chini ya turubai. Wanawake walitupokea kwa salamu yao ya "kamwene" na vikombe vya chai, nikasema nimefunga, mmoja akamwambia mwenzake kwa Kihehe neno ambalo Apolonia alikataa kunitafsiria.

Faustina alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Aliponiona hakusalimia. Blessing alikuwa upande wa pili wa ua, kati ya magoti ya bibi yake, nywele zimesukwa upya. Mama na mtoto walikuwa mbali kwa hatua kama kumi, na kila mtu alikuwa anazilinda hatua hizo.

Baada ya sala Jofrey alinipa nafasi. Nilisema kama nilivyosema kwenye benchi, pamoja na kanga, pamoja na Januari niliposema sikusema neno. Hapo Faustina aliinamisha kichwa. Hakuwa amejua kwamba neno lilitoka kwangu.

Jofrey si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, tumekusikia. Ila siku ile ulisema uongo upate wateja. Leo unasema ukweli upate nini? Sisi tutajuaje kipi ni kipi?"

"Alilia, baba. Nilimwona."

"Kwenye kaburi la mume wake hakulia. Kwako kwenye sindano akalia. Alikuwa analia nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kinywani, lote, na simu na mvua na mikono mitupu. Ningelisema, mtoto angerudi. Na ningekuwa nimemwibia mwanamke yuleyule mara mbili. Nilimtazama Faustina, naye alikuwa ananitazama, na niliona anasubiri kuona nitafanya nini safari hii.

"Alichosema kitandani si changu," nikasema. Jofrey akatikisa kichwa. Wazee wakaanza kunong'ona. Nilifunga mdomo, na kwa mara ya kwanza nilijua uzito wa lile fundisho, kwamba hata ukilishika linaweza kumwangamiza mtu, kama ulilishika kwa kuchelewa.

Faustina akasimama. Alisema yeye mwenyewe. Hakumtazama Jofrey, alimtazama mama mkwe wake. "Mama, alinipigia kabla ya siku ile. Alitaka kurudi. Nikamwambia akirudi mikono mitupu asipige hodi. Ndiyo maana sikulia. Niliona sina haki ya kulia."

Kisha kilio kikaja, kilekile. Wanawake wawili wakamwendea mbio, "Nyamaza, nyamaza mwanetu, basi." Nilivuka ule ua, nikapiga magoti kwenye tope, nikashika mguu wake. Nilifunga mdomo.

Aliuvuta mguu wake. Hakuuvuta kwa hasira, taratibu tu, akaukunja chini ya sketi, akaendelea kulia bila mimi.

Mama Jofrey aliinuka akaingia ndani. Hakuna aliyejua ataleta nini. Alitoka na sare ya shule iliyokunjwa, viatu, na mfuko wa plastiki wa madaftari, akaviweka mbele ya mkamwana wake. Hakumgusa. Alisema, "Mvua itawakuta njiani. Ondokeni mapema."

Kwa hiyo mtoto amerudi. Apolonia anasema tumshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini nimeona aliyelipa. Nilikwenda Kilolo kutua mzigo wangu, na ili utue ilibidi Faustina afunue wake mbele ya watu thelathini na mama wa marehemu. Na Mama Jofrey ataishi na lile neno la simu mpaka kufa.

Jumatatu, 17 Machi

Wagonjwa watatu. Mama wa Ipogolo alikuja, nikamweleza ukweli kuhusu binti yake na mtihani. Hakunibusu mikono.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Jua. Nimepeleka pilau kwa Apolonia. Ameipokea, lakini hakunikaribisha ndani.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi amekuja kuziba bati, mvua zikiwa zimeshaisha. Ndivyo tulivyo.

Saa tatu aliingia Faustina na Blessing. Shingo yake imerudi kuwa ngumu kama mwanzo. Benchi lilikuwa na watu wanne, Apolonia mmojawapo. Magoti hayana kinyongo. Faustina aliwasalimia wote, akapita pazia, akalala mwenyewe.

"Sikuja kwako," akasema akitazama dari. "Nimekuja kwa shingo."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikachoma ya kwanza, ya pili. Nje Blessing alikuwa anamweleza Apolonia kwamba ng'ombe wa miguu mitano anakimbia zaidi. Nilipofika ya tisa, ile ya mkono, mkono wangu ulikataa. Nilisimama nimeishika sindano, na machozi yakanitoka, na pamoja nayo sauti, sauti mbaya, sijui ilikuwa imekaa wapi. Sikuweza kuizuia. Faustina alinitazama, uso wake haukulainika.

Apolonia akauliza kutoka kwenye benchi, "Kulikoni humo?"

Nilifungua mdomo, sikupata neno.

"Ni daktari," Faustina akajibu kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma. "Analia."

Kisha akanigeuzia mkono wake, kiganja chini, nimalizie.